Jina la timu halichezi: Mapambano ya kutazamwa katika kandanda ya Kimarekani, na funzo lake kwa Kenya

KILA ifikapo Septemba, ligi ya kulipwa ya kandanda ya Kimarekani, NFL, hufungua msimu mpya na mashabiki wake wachache walioko nchini Kenya huanza tena kukesha. Mechi zinazoanza saa saba mchana katika miji ya mashariki mwa Marekani huwa ni za saa mbili usiku hapa. Fainali ya Super Bowl, ambayo huchezwa Februari, huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, wakati mkulima wa Kanja, katika Kaunti ya Embu, amebakisha saa chache tu kabla ya kuamkia majani chai yake.

Wengi wa mashabiki hao huutazama mchezo huo kwa jicho la soka. Huuliza ni timu ipi yenye jina kubwa, ni ipi iliyotwaa kombe msimu uliopita, na ni nyota gani anayelipwa fedha nyingi zaidi. Wachanganuzi wa Marekani, kabla ya mechi yoyote, huanza na swali tofauti. Wao huuliza: ni nani atakayemkabili nani?

Swali hilo ndilo ufunguo wa mchezo wenyewe. Aidha, lina uzito kwa Kenya wakati huu ambapo aina moja ya kandanda hiyo imeingizwa katika Michezo ya Olimpiki itakayofanyika Los Angeles mwaka 2028, na ambapo vijana wa Afrika wanatafutwa na NFL yenyewe.

Kwa asiyeufahamu, mchezo huu huwa na wachezaji 11 kila upande. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele angalau yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kila jaribio hudumu sekunde chache tu, kisha mchezo husimama na kila upande hujipanga upya. Kutokana na kusimama huko, kocha ana nafasi ya kuamua mara kadhaa ndani ya mechi moja ni mchezaji wake yupi asimame mbele ya yupi wa upande wa pili. Mechi huwa ni mkusanyiko wa mapambano madogo ya wawili wawili, na mara nyingi pambano moja kati ya hayo ndilo huamua mengine yote.

Lililo maarufu zaidi ni lile la pembeni mwa kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi ambaye hupokea mpira na kuurusha. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia hugeuza mwili wake anapojiandaa kurusha, na hivyo haoni vyema kinachomjia kutoka kushoto. Upande huo hulindwa na mchezaji mmoja mwenye mwili mkubwa, naye hukabiliwa na mvamizi mwenye mbio ambaye kazi yake ni kumfikia kwotabeki kabla mpira haujatoka mkononi. Mlinzi huyo akizidiwa, hata kwotabeki hodari kuliko wote duniani huonekana kama mwanafunzi.

Hayo yalidhihirika katika fainali ya Februari 2008. New England Patriots waliingia uwanjani wakiwa wameshinda mechi zote 18 za msimu, na wengi waliamini kwamba New York Giants walikuwa wamekwenda Arizona kukamilisha ratiba tu. Lakini safu ya mbele ya Giants ilimwangusha kwotabeki Tom Brady mara tano, na Giants wakashinda 17-14. Waliotazama majina ya timu walishangaa. Waliotazama safu ya ulinzi ya Patriots ikikabiliana na wavamizi wa Giants, akiwemo Osi Umenyiora, mzaliwa wa London mwenye asili ya Nigeria, walikuwa na sababu ya kutoshangaa sana.

Miaka 17 baadaye, Februari 2025, jambo hilo lilijirudia jijini New Orleans. Kansas City Chiefs walikuwa wakiwania ubingwa kwa mwaka wa tatu mfululizo. Hata hivyo, walikuwa wamelazimika kumhamisha Joe Thuney kutoka nafasi yake ya kawaida ya ndani ili azibe pengo la mlinzi wa kushoto. Philadelphia Eagles waliliona pengo hilo. Walimwangusha Patrick Mahomes mara sita bila kuongeza mvamizi wa ziada, wakawatumia wenzao wote waliosalia kuwakaba wapokeaji, na wakashinda 40-22.

Pambano la pili la kutazamwa ni kati ya mpokeaji na mkabaji wake pembeni mwa uwanja. Mpokeaji anajua anakokwenda. Mkabaji hajui, naye hana budi kurudi kinyumenyume huku akikisia. Iwapo timu ina mkabaji mmoja anayeweza kumzima mpokeaji bora wa wapinzani bila kusaidiwa, kocha wake hupata mchezaji mmoja zaidi wa kumtumia kwingine. Ikiwa hana mtu wa aina hiyo, hulazimika kuwatenga wawili kumlinda mmoja, na mwanya hufunguka upande wa pili. Mtazamaji anayetaka kukisia matokeo ya mechi ijayo na aanzie hapo.

Pambano la tatu halionekani kwa macho. Hili ni la akili, kati ya anayepanga mashambulizi na anayepanga ulinzi. Mchezaji wa NFL hukariri mamia ya mipango, kila mmoja ukiwa na jina lake, na anatarajiwa kuutambua kwa sekunde moja na kujua wajibu wake. Mwili wenye nguvu usiojua mpango huo ni sawa na askari aliyefika vitani asijue adui yuko wapi.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake katika jambo hili, na ushahidi huo unaanzia Uganda. Mathias Kiwanuka ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa waziri mkuu wa Uganda mwaka 1962 na baadaye jaji mkuu, ambaye alitekwa na kuuawa mwaka 1972 wakati wa utawala wa Idi Amin. Mathias alizaliwa Marekani na akasajiliwa na Giants mwaka 2006 akiwa chaguo la raundi ya kwanza.

Novemba mwaka huo huo, akiwa mgeni katika ligi, alijifunza kwa uchungu jinsi pambano moja linavyoweza kugeuza mechi. Giants walikuwa wakiongoza 21-0 dhidi ya Tennessee Titans walipoingia robo ya mwisho. Titans walipunguza pengo, lakini wakafika jaribio lao la nne wakiwa wanahitaji yadi 10. Kiwanuka alimfikia kwotabeki Vince Young, akamkumbatia, na kila aliyekuwa uwanjani akadhani shambulizi limekwisha. Kisha akamwachilia, akidhani mpira ulikuwa umeshatoka mkononi na kuhofia kuadhibiwa kwa kumchezea rafu. Mpira haukuwa umetoka. Young alikimbia, Titans wakaendelea na shambulizi, na hatimaye wakashinda 24-21.

Nguvu za Kiwanuka zilikuwa zimeshinda pambano hilo. Alilolipoteza ni pambano la uamuzi wa nusu sekunde. La kutia moyo ni kwamba hakuishia hapo. Alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa 2008, ingawa fainali ilimkuta akiuguza mguu uliovunjika, na mwaka 2012 alicheza fainali ambayo Giants waliwalaza tena Patriots 21-17. Alidumu na klabu hiyo hadi msimu wa 2014.

Kisa cha Kenya kina mwelekeo tofauti. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa mwanaraga aliyewahi kucheza Afrika Kusini na New Zealand. Julai 2013 alisajiliwa na Indianapolis Colts ilhali hakuwahi kucheza hata mechi moja ya kandanda ya Kimarekani. Desemba mwaka huo aliingia uwanjani na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika mechi ya NFL. Colts walivutiwa na kimo chake, nguvu zake na mbio zake. Vitu hivyo vyote alikuwa navyo.

Hata hivyo, alitumiwa zaidi katika kikosi maalumu kinachoingia wakati mpira unapigwa kwa mguu, ambapo kinachohitajika ni mbio na ujasiri. Nafasi ya kudumu katika safu ya ulinzi haikupatikana. Alicheza mechi chache mno, na kufikia 2015 safari yake na Colts ilikuwa imefika kikomo. Ni rahisi kukihesabu kisa hicho kuwa ni kushindwa kwa mtu mmoja. Ukweli ni kwamba alitakiwa kujifunza katika miezi michache mambo ambayo wapinzani wake walianza kufundishwa wakiwa na umri wa miaka 10 au 12, na wakati huo ligi haikuwa na utaratibu wowote wa kumlea mchezaji wa aina yake.

Utaratibu huo ulikuja mwaka 2017, NFL ilipoanzisha mpango maalumu wa kuwaandaa wachezaji kutoka nje ya Marekani. Matunda yake makubwa zaidi ni Jordan Mailata, kijana wa Australia mwenye asili ya Samoa, ambaye naye alitoka katika raga na hakuwa amewahi kucheza mchezo huo. Eagles walimchukua mwaka 2018 katika raundi ya mwisho. Kwa misimu miwili mizima hakucheza hata mechi moja ya ligi; alikuwa akifunzwa na kuuguza majeraha. Alianza kucheza 2020. Februari 2025, jijini New Orleans, huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa kushoto wa timu iliyotwaa ubingwa.

Adongo na Mailata walitoka katika mchezo mmoja wa asili, na miili yao ilistaajabisha makocha kwa namna ileile. Kilichowatofautisha zaidi ni muda na malezi. Ikumbukwe kwamba hata mpango huo si dawa ya kila mtu. Louis Rees-Zammit, nyota wa raga wa Wales, aliupitia mwaka 2024 akiwa tayari ni jina kubwa, akajaribu bahati yake na Chiefs kisha Jacksonville Jaguars, na mwaka 2025 akarejea katika raga bila kucheza mechi hata moja ya msimu.

Kutokana na hayo, wazazi na walimu wa Kenya wanapaswa kuwa waangalifu wanaposikia kwamba NFL inatafuta vipaji barani Afrika. Ni kweli kwamba inavitafuta. Umenyiora, baada ya kustaafu, amekuwa mstari wa mbele katika juhudi hizo; kambi ya kwanza ilifanyika Ghana mwaka 2022 na mwaka uliofuata ikaletwa Nairobi. Lakini kambi ya siku chache hupima mwili: hupima kimo, mbio na kuruka. Haimfundishi kijana yale mamia ya mipango. Anayechaguliwa hapo ameokota tiketi ya kuanza safari ndefu, na idadi ya wanaochaguliwa ni ndogo sana.

Basi matumaini ya Kenya yako wapi? Yako katika aina ile ya mchezo itakayoonekana Los Angeles kuanzia Julai 2028, yaani kandanda ya bendera. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliiidhinisha Oktoba 2023. Ndani yake hakuna kusukumana wala kuangushana. Kila mchezaji hufunga kiunoni vitambaa viwili, na mwenye mpira husimamishwa kwa kuvuliwa kimoja. Wachezaji ni watano kila upande. Hakuna kofia ngumu, hakuna mavazi ya kukinga mabega, na hakuna ulazima wa kuwa na watu wenye uzani wa kilo 140.

Katika mchezo huu mapambano hubadilika. Lile pambano la mlinzi na mvamizi wa upande wa kushoto hutoweka, kwa sababu mvamizi huanza umbali wa yadi saba kutoka ulipo mpira na hakuna anayeruhusiwa kumzuia kwa mwili. Kinachosalia ni mbio zake dhidi ya wepesi wa kwotabeki wa kufikiri. Pambano la mpokeaji na mkabaji ndilo hutawala, na hushindwa kwa miguu na kiuno: nani atabadilisha mwelekeo haraka zaidi. Yeyote aliyewahi kutazama raga ya wachezaji saba kila upande anaujua ustadi huo. Kenya iliuonyesha ulimwengu Aprili 2016 ilipoizaba Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore.

Marekani ndiyo itakayopigiwa upatu Los Angeles. Wanaume wake waliinyuka Austria 53-21 katika fainali ya dunia iliyochezwa Lahti, Finland, mwaka 2024. Isitoshe, Mei 2025 wamiliki wa klabu za NFL waliafikiana kuwaruhusu wachezaji wao kushiriki Olimpiki, kwa masharti kwamba kila klabu isitoe zaidi ya mchezaji mmoja kwa timu moja ya taifa. Pambano la kwanza la kutazamwa litakuwa ndani ya kambi hiyohiyo ya Marekani: je, nyota wa NFL watawaondoa wale waliocheza kandanda ya bendera kwa miaka mingi? Kuna sababu ya kutilia shaka. Nguvu za nyota wa NFL hazina kazi kubwa pale ambapo kugusana ni kosa, na mbinu za kuvua kitambaa hazifundishwi katika klabu yake.

Pambano la pili litakuwa la wanawake, kati ya Marekani na Mexico. Mwaka 2022, katika Michezo ya Dunia iliyofanyika Birmingham, jimbo la Alabama, Mexico iliongozwa na kwotabeki Diana Flores na kuilaza Marekani 39-6 mbele ya mashabiki wake. Marekani ikalipiza kisasi katika fainali ya dunia ya 2024, na Mexico ikatwaa tena dhahabu ya Michezo ya Dunia jijini Chengdu, China, mwaka 2025. Taifa lisilo na utajiri wa NFL limeweza kufanya hivyo kwa sababu lilianza kuwafunza wasichana mapema.

Hilo ndilo funzo ambalo serikali za kaunti zinapaswa kulizingatia. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Mara nyingi jukumu hilo limetafsiriwa kuwa ni kujenga jukwaa kubwa la mashabiki. Uwanja wa Kinoru mjini Meru ulikuwa miongoni mwa viwanja vilivyoandaliwa kwa mashindano ya CHAN ya 2018, lakini Septemba 2017 Kenya ikapokonywa uenyeji kwa kuchelewa, na Morocco ikayaandaa. Uwanja wa Moi mjini Embu ulikarabatiwa na kupokea sherehe za Madaraka mwaka 2023. Viwanja hivyo vina manufaa yake. Hata hivyo, havimfundishi mtoto wa Kanja kukabili mpinzani.

Kandanda ya bendera huhitaji eneo la yadi 50 kwa 25, pamoja na yadi 10 za kufungia kila upande. Hiyo ni takriban mita 64 kwa 23. Ndani ya kiwanja kimoja cha soka cha shule, viwanja viwili vya namna hiyo vinaweza kuchorwa kwa chokaa na nafasi ikabaki. Vifaa vingine ni mpira, mikanda na vitambaa, ambavyo fundi wa nguo yeyote wa sokoni anaweza kuvishona. Kinachokosekana ni mwalimu aliyefunzwa kanuni na mipango ya mchezo. Vyuo vikuu vya Embu, Chuka na Meru viko katika ukanda huo huo wa Mlima Kenya, na vinaweza kuwa mahali pa kuwaandaa walimu hao.

Wapo watakaohoji, na hoja yao ina uzito, kwamba nchi ambayo haijaweza kuwatunza ipasavyo wanaraga na wanasoka wake haina sababu ya kukimbilia mchezo wa kigeni. Wataongeza kwamba Olimpiki ya 2028 ina nafasi za timu sita tu kwa wanaume na sita kwa wanawake, na kwamba uwezekano wa Kenya kuwa miongoni mwazo ni mdogo. Yote hayo ni sawa. Lakini gharama inayozungumziwa hapa ni ndogo, na mazoezi yenyewe hayampokonyi mtoto raga wala soka. Yanamwongezea ujuzi wa kusoma mpango wa mpinzani na kufanya uamuzi wa haraka, ujuzi uleule ambao Adongo hakupewa muda wa kuupata.

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Kijana wa miaka 23 mwenye mwili wa kutisha anaweza kusafirishwa hadi Marekani na kupimwa mbio zake kwa saa ya mkononi, lakini mpinzani atakayesimama mbele yake atakuwa amemtangulia kwa miaka 12 ya masomo. Mtoto wa darasa la sita anayevua kitambaa cha mwenzake kwenye nyasi za shule hana deni hilo. Serikali za kaunti za Embu na Meru zina miaka michache kabla ya Los Angeles, na mingine minne kabla ya Olimpiki ya Brisbane ya 2032. Zikianza sasa, ni mwaka huo wa 2032 ambapo mtoto huyo atakuwa na umri wa kucheza.